Kabla ya Friji, Nihesabie Safari za Sokoni

Mpwa wangu,

Picha nimeiona. Nimeivuta ikawa kubwa mpaka nikaona taa za duka zinavyong'aa juu ya mlango wake. Friji ya milango miwili ubavu kwa ubavu, rangi ya fedha, ina tundu la kuchotea maji ya baridi kwa nje, kitufe cha barafu, na kioo kinachowaka kikionyesha saa na hali ya hewa. Chini yake umeandika, "Mjomba, hii vipi?" Ilikuwa saa tano usiku. Saa hiyo mimi huwa nimelala, magoti yakiniruhusu. Usiku ule hayakuniruhusu, basi nikakaa kitandani naitazama friji yako kama mzee anayetazama mchumba aliyekuja kuposa na gari la kuazima.

Sikukujibu kwa sababu jibu halitoshi kwenye kisimu. Na kwa sababu nimechoka, mwanangu. Maneno haya nimeyasema Point, nimeyasema Albert Park na Overport, nimeyasema mpaka Chatsworth, na watu wameniitikia "ndiyo mzee" huku wameshalipa amana. Chatsworth kwenyewe, nilipoitwa mara ya kwanza, niliambiwa nakwenda kutengeneza friji ya Wazanzibari. Nikafurahi, nikajua leo nitashinda nazungumza Kiswahili. Nikamkuta bibi mmoja anamgombeza mjukuu kwa Kimakua. Ndipo nikaelezwa kwamba hao ni kizazi cha watumwa walioachwa huru, ambao manowari za Waingereza zilianza kuwashusha hapa Durban mwaka 1873 kutoka Zanzibar. Wakakaa King's Rest, kule Bluff, hadi serikali ya ubaguzi ilipowang'oa na kuwapeleka Chatsworth. Jina la Zanzibar limebaki, lugha ni ya Msumbiji. Nikanyamaza, nikashika bisibisi. Yule bibi, lakini, alikuwa na friji ndogo ya mlango mmoja, nzee kuliko mjukuu, safi kama sahani, na alijua kila kilichomo bila kuifungua. Nimemkumbuka sana nilipoiona picha yako.

Sasa nisikilize polepole. Usianze na friji. Anza na kikapu. Nihesabie: kwa wiki moja, wewe na mumeo mnakwenda sokoni mara ngapi?

Bibi yako, Tanga, alikwenda kila asubuhi. Samaki wa leo aliliwa leo. Akizidi alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa akawa ng'onda, na ng'onda hahitaji umeme. Maji yalipoa mtungini. Hakuwa na friji kwa sababu soko lilikuwa friji yake. Friji si kitu kingine, mwanangu, ni ghala la siku: kazi yake ni kubeba chakula kutoka siku uliyokinunua hadi siku utakayokila. Mwenye siku mbili za kubeba anahitaji ghala dogo. Mwenye siku thelathini, kama wale wa Verulam au Phoenix wanaokwenda na gari mara moja kwa mwezi kununua kwa jumla, huyo ana haki ya kutafuta friza la kulaza mbuzi.

Ninyi mnakaa Point. Ukishuka ngazi, mkate upo. Mumeo akitoka kazini hupita Warwick, na soko la alfajiri pale lipo tangu 1910, mboga haijawahi kukosekana. Mnanunua mchicha mara tatu kwa wiki, kuku mara mbili, samaki Ijumaa. Kinacholala kwenye friji yenu ni sufuria ya maharage, maziwa, mayai, nyanya, kiporo cha wali, na ile sahani ya achari mnayoionea haya kuitupa. Watu watatu, na wa nne yuko njiani. Kwa mtazamo wangu friji ya lita 250 hadi 300, friza lake liwe sehemu inayojitegemea yenye mlango wake, inawatosha na kubaki. Ile ya picha ina lita zaidi ya 500. Nusu yake mtakuwa mnapoza hewa, na hewa hamli.

Halafu angalia nani yumo ndani ya nyumba. Hapa ndipo watu wengi huniangalia kama nimeanza kuzeeka vibaya. Wao wamekuja kuuliza friji, mimi nauliza habari za mama mkwe. Lakini mkweo ana kisukari, anajichoma insulini. Ile ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwa hiyo isikae imegusana na ukuta wa nyuma, ambako friji nyingi hugandisha, wala isikae mlangoni, ambako kila anayetafuta maji ya kunywa anaipulizia joto. Ikae rafu ya kati, ndani ya kikopo chenye mfuniko, na kila mtu nyumbani ajue kikopo hicho si cha jibini. Na wewe ukijifungua salama, inshallah, ukarudi kazini, maziwa utakayojikamulia yatakaa friji siku 4, na kwenye friza linaloganda sawasawa hata miezi 6. Hao ndio wageni wawili wanaochagua friji yenu: mwenye sindano na mwenye chupa. Wote wawili hawahitaji kioo cha hali ya hewa. Wanahitaji ubaridi usiopanda na kushuka. Muuzaji hatakwambia hilo kwa sababu halina taa.

Ukishainunua, yoyote ile, kanunue kipimajoto cha friji, ni kitu cha bei ndogo. Kitie ndani ya glasi ya maji, weka rafu ya kati, lala. Asubuhi kisome. Kikisema 4 au chini kidogo, basi. Kikisema 9, zungusha ile swichi ya ndani kabla hujamlaumu muuza maziwa. Friza liwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Usidhani nakutisha bure. Unakumbuka ugonjwa wa listeria, 2017 na 2018? Ulikuwa bado uko kwenu, labda uliusikia redioni. Machi 4, 2018, waziri wa afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo ni poloni na nyama nyingine za kiwandani, kutoka Polokwane. Watu zaidi ya 1,000 waliugua nchi hii na zaidi ya 200 wakafa, na sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wachanga, kwa kuwa kijidudu hicho humpitia mama mja mzito kikamfikia mtoto. Na jambo lake ni hili: hakiogopi friji. Vingine vingi husinzia kwenye baridi, hiki kinaendelea kuzaliana taratibu. Wiki ile mtaani kwetu watu walikuwa wanatupa poloni kwa mifuko. Jirani mmoja akaniambia, "Mzee, mbona ilikuwa kwenye friji muda wote?" Friji haiui kitu. Inachelewesha tu. Wewe na tumbo hilo, poloni achana nayo mpaka mtoto atoke, au ipike mpaka itoe moshi.

Sasa friza. Tazama mlango wa friza, au sehemu yake ya ndani, utaona vinyota. Watu hudhani ni mapambo. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri: barafu ya juisi, na nyama ya siku chache tu. Mbili ni 12. Tatu ni 18, hapo unaweza kuhifadhi kilichokwisha ganda. Nyota nne, moja huwa kubwa kuliko wenzake, ndilo friza lenye nguvu ya kukigandisha kibichi ulichotoka nacho sokoni. Zile friji ndogo za mlango mmoja zenye kijisanduku cha barafu juu, nyingi zina nyota moja au hazina kabisa, na ndimo watu wanamotia nyama ya kurbani wakitegemea kuila Maulidi.

Nami pia nimewahi kuwa mjinga, nikiwa fundi mzima mwenye mfuko wa vifaa. Unajua kila mwaka, Juni na Julai, maji yakipoa, sardini hupanda pwani hii kwa makundi yanayoonekana kama kivuli cha wingu baharini. Ndege juu, papa nyuma, na wavuvi wanavuta nyavu hadi mchangani huku watu wanakimbia na ndoo, wengine na foronya walizozitoa kwenye mito. Mwaka mmoja nilikwenda na mimi. Nikanunua kreti nzima. Nyumbani nikawaosha, nikawatia kwenye mifuko ya plastiki, nikajaza friza mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Nikalala nimeridhika. Asubuhi nikasikia kompresa bado inanguruma, haijapumzika tangu jana. Mchana inanguruma. Nikafungua: samaki wa pembeni wameganda, wa katikati ni laini, wana vuguvugu la mtu mgonjwa. Na paja la mbuzi lililokuwa mle tangu mwezi uliopita limeanza kutoa machozi.

Kumbe kwenye kile kibati cha ndani, ambacho nilikuwa nawasomea wateja wangu kila siku, kimeandikwa uwezo wa kugandisha kilo ngapi kwa saa 24. Friza langu lilikuwa la kilo 4. Mimi nilitia 18. Friza halitengenezi baridi, mwanangu, linatoa joto, linalibeba kama hamali: kilo nne kwa siku ndio mgongo wake. Ukimpakia kumi na nane atabeba, lakini chakula kitaoza njiani. Majirani walikula sardini zangu siku tatu. Wengine mpaka leo wakiniona Juni wananicheka.

Kwa hiyo ukiingia dukani usifungue mlango kutazama taa. Inama. Tafuta kibati. Ni cha rangi ya kijivu au nyeupe, kipo ndani pembeni, karibu na sanduku la mboga. Kitakwambia lita halisi, gesi iliyomo, uwezo wa kugandisha, na herufi moja au mbili ambazo nusu ya wauzaji hawajui maana yake: N, ST au T. Hiyo ndiyo hali ya hewa ambayo friji imeumbwa kuishi. N ni ya nchi ambazo joto la chumbani halizidi 32. ST hadi 38. T hadi 43. Durban ya Februari, jikoni kwenu dirisha moja, jiko linawaka, unyevu unatiririka ukutani, usininunulie N. Chukua T, au ST kwa shida. Nimeona friji nzuri za bei zilizoletwa na watu kutoka nchi za baridi zikinguruma hapa mchana kutwa kama mzee aliyepandishwa Kilimanjaro.

Kando ya hapo, kwa nje, pamebandikwa ile karatasi ya rangi, kijani juu nyekundu chini, herufi A hadi G. Nchi hii friji mpya hairuhusiwi kuwa chini ya B, na friza chini ya C. Lakini usiishie kwenye herufi, soma namba: uniti kwa mwaka. Friji ya uniti 300 inakula 25 kwa mwezi. Ya uniti 540 inakula 45. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayonunua kwenye tokeni, kisha uzidishe kwa miezi ya miaka kumi, maana friji huishi hivyo. Mumeo ni mtu wa hesabu, mpe kalamu.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Ninyi mmefika wakati mgao umesimama, kwa hiyo mnaniona nasimulia vita vya zamani. 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote, hatua ya 6, umeme unakatwa mara tatu nne kwa siku, saa mbili kwa mkupuo, mara nyingine nne. Machi 2024 ukasimama, watu wakasahau kwa furaha, na mapema 2025 ukarudi siku chache kutukumbusha. Na hata usiporudi, waya wataiba, transfoma italipuka, mvua itaingia kwenye kituo. Friji ya Durban lazima ichaguliwe na mtu anayejua giza.

Friji iliyofungwa, usiposhawishika kuichungulia, hutunza chakula kama saa 4. Friza lililojaa hukaa saa 48, la nusu saa 24. Ona hapo: lililojaa. Friza kubwa lenye vipande viwili vya kuku ni maskini wa baridi. Ndiyo maana nawaambia watu wajaze chupa za maji, zisifike mdomoni zisije zikapasuka, wazigandishe kwenye nafasi zilizo wazi. Umeme ukienda, zile chupa ndizo betri yako. Na lile friza la kulala, la kufungulia juu, baridi yake hukaa chini kama maji kwenye beseni. La kusimama, ukifungua mlango baridi inakumwagikia miguuni. Mngekuwa na nafasi na mahitaji ya mwezi mzima, ningewaambia chukueni friji ndogo na friza la kulala, vitu viwili. Hamna nafasi. Basi.

Umeme ukirudi ndio hatari kubwa kuliko ulipokwenda. Unarudi kwa kishindo, na kompresa inajaribu kuwaka wakati gesi bado imebana upande mmoja. Weka kile kifaa cha kulinda friji, tunakiita friji gadi, kati ya plagi na soketi. Kinaisubirisha dakika tatu hadi tano kabla ya kuiruhusu. Kompresa ngapi nimezizika kwa kukosa dakika tatu. Hasa hizi za inveta. Inveta ni nzuri, sikatai: haiwaki na kuzima kwa nguvu, inapunguza mwendo, inakula kidogo, haina kelele, na kwa mkweo ambaye kitanda chake kipo hatua mbili kutoka jikoni, ukimya ni dawa. Ichukue ukiweza. Lakini ubongo wake ni bodi ya elektroniki, na bodi haiombi msamaha. Inveta bila ulinzi, katika mji huu, ni kumpeleka mtoto kuogelea ukatazama simu.

Utaulizwa pia: nofrosti au ya kawaida? Ya kawaida hufanya barafu ukutani, nayo unyevu wa hapa ukiingia kila mlango ukifunguliwa, barafu inanenepa upesi. Inabidi uizime na kuiyeyusha. Nofrosti ina feni na hita ndani, inajiyeyusha yenyewe, hugusi kitu. Vipuri vingi zaidi vya kuharibika, na chakula kisichofunikwa hukauka. Kwa mama mwenye mtoto mchanga mimi nasema nofrosti, kwa sababu moja tu. Namjua huyo mama. Hataiyeyusha. Siku barafu itakapobana mlango, atachukua kisu.

Kile kisu, mwanangu. Nimeitwa kwa ajili ya kile kisu mara nyingi kuliko kwa jambo jingine lolote. Unafika, mwenye nyumba amesimama mbali na friji kama amevunja chombo cha watu. "Mzee, ilitoa sauti tu." Sauti gani? "Fyuuu." Unainama, unaona kwenye bati jeupe kijitundu kidogo kama cha sindano. Hapo gesi yote imeshatoka, na friji za siku hizi gesi yake ni R600a, inayoshika moto. Na mabomba mengine yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana ubavu wa friji mpya huwa na joto, usishtuke. Yakitoboka humo huwezi kuyafikia. Friji inakuwa kabati. Ubavu huo na mgongo uuachie upepo, kiganja kizima kati yake na ukuta. Na hewa ya chumvi ya Point inakula chuma, kila baada ya miezi michache pangusa vumbi na chumvi kwa nyuma, ukiwa umechomoa plagi.

Kabati. Nimelitaja, basi nilimalize. Kwangu kuna kabati la rangi ya fedha ninamotia unga wa sembe, mchele na viatu vya Idi. Umeshachota unga humo mara ngapi? Hujawahi kuuliza kwa nini kabati la unga lina tundu la maji.

Niliinunua 2019, arusi ya binti yangu. Wageni wanakuja kutoka Tanga na Mombasa, nikaona haya fundi friji kuwa na friji ya mtumba. Duka gani, tusilitaje. Nikaichukua kwa awamu, miezi 36. Siku inaletwa, upana wake sentimita 91, mlango wangu 81. Fundi mzima, sikupima mlango! Lifti haikuikubali. Vijana sita wakaipandisha kwa ngazi, kila ghorofa jirani anatoka na ushauri wake. Mlangoni tukaing'oa milango yake yote miwili, tukaing'oa na ya nyumba, ikaingia kwa ubavu ikachuna rangi ya ukuta. Alama bado ipo. Tundu la maji likataka bomba lake, mwenye jengo akakataa kutoboa ukuta. Halikutoa maji hata tone. Aprili 2022, mafuriko yale yaliyoua watu zaidi ya 400 jimbo hili, mabomba yamekatika, tunapanga foleni ya maji na ndoo, marehemu mke wangu alisimama mbele ya lile tundu akaliambia, "Leo ndio siku yako." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini wakati huo ilikuwa imeshakufa zamani. Umeme ulirudi kwa kishindo usiku mmoja wa 2020, bodi ikaungua, kipuri kiagizwe nje, bei yake nusu ya friji. Sikuwa nimeweka friji gadi, kwa kuwa vijana walipoileta nilikuwa nimechoka, nikasema nitaweka kesho. Nikaendelea kuilipia mwaka mmoja na miezi, kila mwisho wa mwezi, kabati la unga.

Kwa hiyo ninapokuuliza vipuri, si ukaidi. Defy ni kampuni iliyozaliwa hapa Durban 1905. Tangu 2011 ni ya Waturuki wa Arçelik, lakini friji zake nyingi zimekuwa zikiundwa Ezakheni, karibu na Ladysmith, na raba ya mlango au themostati yake naipata kwa miguu. Sikwambii ununue hiyo. Nakwambia kabla hujalipa, muulize muuzaji: bodi ya hii ikiungua naipata mji gani? Akijibu kwa tabasamu, ondoka.

Ya mtumba nayo si aibu, kama hela ni hiyo. Omba risiti ya mwenyewe. Baada ya uporaji wa Julai 2021, friji zilisukumwa barabarani kwenye vitoroli, na polisi wakapita majumbani wakidai risiti. Iache iwake mbele yako angalau saa mbili, usiridhike na taa. Chukua noti ya randi 10, ibane mlangoni, ivute: Mandela akitoka bila kukinza, raba imechoka. Na ikisafirishwa imelazwa, isimamishe nusu siku kabla ya kuichomeka, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kushirikiana friji ni jambo ambalo hutaliona kwenye tangazo lolote. Chumba cha pili mmewapangisha wale vijana, na jiko mnashirikiana. Nimeona undugu wa miaka kumi ukivunjika kwa ajili ya soseji. Wapeni rafu yao, na hicho kikopo cha insulini kiandikwe jina kwa kalamu nzito.

Usilipe amana yoyote kabla ya Jumamosi. Nitakuja baada ya adhuhuri na futi yangu. Tutapima mlango wa nyumba, mlango wa jiko, lifti, na kona ile ya ngazi ghorofa ya pili inayowashinda watu. Mumeo asinipikie kitu, ila nataka awepo. Mwambie mkweo anitolee boksi la dawa zake niliangalie urefu wake lisimame kwenye rafu. Na kama lifti bado ni mbovu, weka kiti ghorofa ya pili, nitakaa hapo kwanza.